KUFULI KWANZA, MLANGO BAADAYE
Somo juu ya daftari la kikundi katika kompyuta ya mbali



Katika vikao vyetu swali moja limerudi mara nyingi: "Daftari letu liko ndani ya kompyuta moja, na sisi tumetawanyika Likoni, Kisauni na Changamwe. Tufanyeje ili kila anayehusika alifikie bila kulibeba?" Njia ipo, na haina gharama kubwa. Lakini ina hatari yake, nasi tuliipata hatari hiyo kwa mikono yetu wenyewe. Basi leo tujifunze pamoja.

Lengo la somo: Kikundi kielewe jinsi ya kuifikia kompyuta ya mbali kwa kutumia simu, na kijue mambo ya kuamua kabla fundi hajaanza kazi.

Muda: Vikao viwili.

Vifaa: Karatasi kubwa, kalamu, na kama mnalo, sanduku la akiba pamoja na kufuli zake.

TUONE: KISA CHA DAFTARI

(Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize.)

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana hukutana Mji wa Kale, katika chumba cha chini cha nyumba isiyo mbali na Ndia Kuu. Wanachama ni Waislamu na Wakristo. Walikuwa na sanduku la kufuli tatu na daftari la karatasi. Daftari lilipojaa wakahamishia hesabu kwenye kompyuta ndogo ya mweka hazina. Kazi ikawa nyepesi.

Halafu mweka hazina akapata kazi Ghuba. Safari ilikuja ghafla, na kompyuta ilikuwa yake, akaondoka nayo. Hakuiba hata senti moja. Pesa zote zilikuwa sandukuni. Lakini kwa miezi miwili kikundi hakikujua nani anadaiwa nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ilikuwepo, habari ndiyo iliyopotea.

Wakaja kwetu. Tulikuwa na kompyuta kuukuu ofisini, tukaiwekea Linux, na fundi akaitengeneza ili kamati iweze kuifungua kwa simu, kila mtu akiwa kwake. Watu wakafurahi. Hakuna tena kupanda feri kwa ajili ya kuandika mstari mmoja.

Kosa lilikuwa letu. Tuliweka jina moja la kuingilia na neno moja la siri kwa watu wote watano wa kamati. "Hawa ni watu wanaoaminiana," tulisema. Mwezi wa nne katibu alikuwa akisoma mikopo, na bibi mmoja muuza mahamri akamkatiza.

"Mwanangu, hebu soma tena hapo kwangu."

"Elfu mbili, bibi."

"Elfu mbili za nani? Mimi nilikopa elfu kumi na mbili, na sijalipa hata shilingi. Hiyo mashine yenu yasema uongo."

"Labda mtu aliteleza kidole, bibi."

"Basi aliyeteleza aseme. Mimi sitaki sadaka ya makosa."

Hakuna aliyesema. Watu watano, ufunguo mmoja. Tulipotazama ndani ya kompyuta, ilituambia tu kwamba "kamati" iliingia. Kamati nani? Maneno ya pembeni yakaanza: ni yule wa ng'ambo, ni yule wa dini ile. Kikundi kilibaki kidogo kivunjike. Kilichokiokoa ni karatasi ya mkopo aliyoihifadhi bibi yule, na ukweli wake. Deni likarudishwa kama lilivyokuwa. Mpaka leo hatujui ni mkono wa nani uliofuta ile moja, na pengine kweli ulikuwa ni kidole tu. Lakini watu watano walibeba shaka kwa sababu sisi tulifungua mlango kabla ya kufikiria kufuli.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kikundi kilipoteza nini mweka hazina aliposafiri? Kilipoteza nini ile elfu kumi ilipofutika?
2. Kwa nini sanduku lina kufuli tatu, na kompyuta ilipewa moja?
3. Je, jambo kama hili linaweza kutokea kwetu?

TUPIME: HII KITU INAFANYA KAZI VIPI?

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kukaa pahali pamoja ikiwa imewashwa na kuwatumikia wengine. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta. Hauuzwi, mnaweza kuuweka bure, na huenda vizuri hata kwenye mashine kuukuu.

Katika mpango huu daftari halisafiri. Linabaki kwenye seva. Kinachosafiri ni picha ya skrini kuja kwenye simu yako, na vidole vyako kwenda kwenye seva. Unabonyeza hapa, kompyuta inaandika kule. Hivyo simu ikipotea kwenye matatu, daftari halikupotea nayo. Na huhitaji kuweka programu mpya kwenye simu. Unatumia kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Firefox ama Chrome.

Programu tunayoitumia inaitwa Apache Guacamole. Jina ni la rojo la avokado la kule Mexico, msishangae. Ni ya bure, na tangu 2017 ni mradi kamili wa shirika la Apache. Ili muielewe, chukueni mfano wa nyumba za Mji wa Kale. Mlango mkubwa ni mmoja na unatazama njiani. Ndani kuna ukumbi, na vyumba viko nyuma zaidi. Mgeni hafiki chumbani bila kupita mlangoni.

• Chumba cha ndani ni meza ya kazi yenyewe: madirisha, faili na daftari lenu. Sisi tunatumia Xfce kwa sababu ni nyepesi.

• Mlango wa chumba ni xrdp. Humpokea kila mwanakamati kwa jina lake na kumfungulia meza yake. Namba ya mlango huu ni 3389.

• Mkalimani ni guacd, sehemu ya Guacamole. Yeye huzungumza na xrdp kwa lugha yake, kisha hutafsiri. Namba yake ni 4822.

• Ukumbi ni ukurasa wa Guacamole, pale unapoandika jina na neno lako la siri. Namba yake kwa kawaida ni 8080.

• Mlango mkubwa wa njiani ni Nginx. Hupokea wageni kwenye namba 443 na kuyafunga maneno yote kwa siri ili asiyehusika asiyasome njiani.

Shikeni jambo hili moja, hata mkisahau namba zote: mlango wa njiani ni mmoja tu. Namba 3389, 4822 na 8080 ni milango ya ndani. Fundi akiiacha wazi kwa intaneti nzima, ni sawa na kutoboa ukuta wa chumba cha kulala ukaweka mlango unaofunguka barabarani. Kuna watu na mashine duniani ambao kazi yao usiku na mchana ni kugonga namba hizo wakitafuta uliolegea. Hawawajui ninyi, na hawana haja ya kuwajua.

TUTENDE: HATUA SABA

Hatua ya 1: Amueni funguo kabla ya kumwita fundi.
Chukueni karatasi kubwa. Andikeni nani ataandika kwenye daftari, nani atasoma tu, na nani atakuwa msimamizi wa kompyuta. Ushauri wetu: mweka hazina na katibu waandike, mkaguzi na mwenyekiti wasome, na msimamizi asiwe mweka hazina. Pitisheni uamuzi huo kwenye kikao na muuandike kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 2: Amueni seva ikae wapi.
Yaweza kukaa ofisini, ama mnaweza kukodi seva ndogo kwa kampuni kwa malipo ya kila mwezi. Ikikaa ofisini, mwulizeni anayewauzia intaneti: "Je, laini yetu ina anwani yake ya hadharani?" Laini nyingi za simu na za nyumbani hazina, wateja wengi huchangia anwani moja, na mtu wa nje hawezi kuifikia kompyuta yenu. Ikiwa ni hivyo, ombeni anwani ya kudumu, ama fundi aunganishe kompyuta ya ofisini na seva ndogo ya kukodi kwa njia ya siri kama WireGuard.

Hatua ya 3: Tayarisheni chumba.
Kwenye Debian ama Ubuntu fundi ataandika:

sudo apt update
sudo apt install xfce4 xrdp

Kisha atamfungulia kila mwanakamati akaunti yake:

sudo adduser katibu

Na ndani ya akaunti ya kila mmoja ataelekeza meza ya Xfce ifunguke:

echo xfce4-session > ~/.xsession

Msikubali akaunti moja ya "kamati". Hapo ndipo tulipoanguka sisi.

Hatua ya 4: Wekeni mkalimani na ukumbi.
Fundi afuate mwongozo wa Guacamole wenyewe, na achague njia ya kuhifadhi majina kwenye hifadhidata. Njia hiyo huleta msimamizi wa kwanza aitwaye guacadmin, na neno lake la siri ni hilohilo guacadmin. Dunia nzima inalijua. Libadilisheni siku hiyohiyo, mbele ya kamati, kabla ya kufungua mlango wa njiani. Kisha kila mmoja apewe jina lake pia humu. Ongezeni kufuli ya pili: namba ya tarakimu sita ambayo simu ya mwenyewe huionyesha na ambayo hubadilika kila baada ya sekunde 30. Mtu akiiba neno lako la siri bila simu yako, hataingia.

Hatua ya 5: Fungeni kuta, kisha fungueni mlango mmoja.

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw allow 443/tcp
sudo ufw enable

Tahadhari mbili hapa. Kwanza, fundi anayefanya kazi akiwa mbali aruhusu njia yake ya SSH kabla ya mstari wa mwisho, la sivyo atajifungia nje. Pili, kama ameweka Guacamole kwa kutumia Docker, ajue kwamba milango inayotangazwa na Docker huupita ukuta huu wa ufw. Aitangaze kwa anwani ya ndani tu, 127.0.0.1. Mwulizeni waziwazi: "Fundi, umeifunga 8080 kwa nje?" Kisha mtu mmoja ajaribu kuifungua kwa simu yake akiwa nyumbani. Ikifunguka, kazi bado.

Hatua ya 6: Pateni cheti cha mlango mkubwa.
Let's Encrypt hutoa cheti bure, na ni vyema seva iwe na jina lake la intaneti. Programu ya certbot hukichukua, na mara nyingi huhitaji namba 80 iwe wazi pia kwa ajili ya uhakiki. Cheti hakidumu zaidi ya siku 90, kwa hiyo hakikisheni kinajisasisha chenyewe. Kivinjari kikiwaambia kwamba mlango si salama, msibonyeze kuendelea. Mpigieni msimamizi.

Hatua ya 7: Wekeni daftari na nakala zake.
Faili ya hesabu ikae kwenye folda ya pamoja, wawili waandike na wengine wasome tu. Katika LibreOffice washeni kurekodi mabadiliko. Hili ni muhimu, kwani Guacamole hukumbuka nani aliingia, siku gani na saa ngapi, lakini haiwaambii ni tarakimu ipi aliyoigusa. Mkiwa na yote mawili, swali la bibi linapata jibu. Mtu wa pili akifungua faili wakati mwenzake anaandika, ataambiwa imefungwa na apewe nakala ya kusoma tu. Asikasirike, hiyo ni kufuli inayofanya kazi yake.

Kila mwezi toeni nakala kwenye flashi ikae nyumba nyingine, na chapisheni ukurasa mmoja wa karatasi usomwe mbele ya wote. Karatasi ya mkopo ya kila mwanachama isiachwe kamwe. Mmeona ilivyotuokoa.

FUNGUO ZIKAE WAPI?

Neno la siri la msimamizi liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha ipigwe sahihi na watu watatu, kisha iingie kwenye sanduku lenu la kufuli tatu. Ndiyo, kompyuta ya kisasa inalindwa na sanduku la bati. Msimamizi akiugua ama akisafiri, kikundi hakikwami. Na fundi akimaliza kazi, maneno yote aliyoyajua yabadilishwe mbele yake. Hilo si kumshuku. Linamlinda yeye pia, lisije jambo likatokea kesho akatajwa.

Mtu akitoka kwenye kamati, akaunti zake zifungwe siku hiyohiyo, kwenye Guacamole na kwenye Linux pia (sudo usermod -L jina). Msingoje mkutano mkuu.

Kuna jambo la sheria pia. Daftari lenu lina majina, namba za kitambulisho, simu na madeni ya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayehifadhi habari za watu anatakiwa kuzilinda, na habari zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Guacamole ina uwezo wa kuzuia kunakili maneno kutoka kwenye skrini ya mbali. Kwa wale wanaosoma tu, washeni kizuizi hicho.

INTANETI IKIKATIKA JE?

Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje. Setilaiti hizo zilikuwa kama kilomita 36,000 juu ya ardhi, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua kama nusu sekunde. Hebu fikiria kuandika hesabu huku kila herufi ikichelewa hivyo! Mwaka huo waya za chini ya bahari zikafika hapa Mombasa: TEAMS, unaokwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM. Nyingine zikafuata. Ndiyo maana leo kazi hii inawezekana kwa simu.

Lakini waya hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS hapahapa kwenye bahari ya Mombasa. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Somo lake ni gani? Seva iliyoko Ulaya huwa mbali sana siku kama hizo. Seva iliyoko Kenya ina nafuu, kwa sababu kampuni za hapa zinaweza kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi kupitia KIXP bila kuvuka bahari. Tena kuhamisha habari za watu nje ya nchi kuna masharti yake katika ile sheria tuliyoitaja. Kama bei zakaribiana, chagueni ya nyumbani.

Stima nayo mnaijua. Seva ya ofisini ipewe betri ya UPS ili isizimike ghafla katikati ya kuandika. Na siku ambayo kila kitu kimekataa, andikeni kwenye karatasi, mje muingize baadaye watu wawili mkitazamana.

JE, KILA KIKUNDI KINAHITAJI HII?

Hapana. Kikundi cha watu kumi na watano wanaokutana kila Jumapili chini ya mwembe mmoja kinatosheka na daftari la karatasi lililoandikwa vizuri. Msiongeze mashine kwa sababu jirani anayo. Lakini kama wanakamati wako mbalimbali, kama mikopo imekuwa mingi, na kama daftari liko mikononi mwa mtu mmoja ambaye kesho anaweza kupata kazi mbali, basi anzeni kuzungumza.

KAZI YA KIKUNDI

1. Chora nyumba yenye mlango mmoja. Onyesha chumba, mkalimani, ukumbi na mlango mkubwa wako wapi.
2. Leo hii, mweka hazina wetu akisafiri ghafla, nani mwingine anaweza kusoma hesabu? Mjibu kwa jina.
3. Nani kati yetu atapewa ufunguo wa kuandika, nani wa kusoma tu? Kwa sababu gani?
4. Tarakimu ikibadilika kwenye daftari, tutajuaje ni nani bila kumwonea mtu?
5. Tutafanya nini kabla ya kikao kijacho? Nani atafanya, na lini?

Kikundi cha Mji wa Kale bado kinakutana. Sasa kila mwanakamati ana jina lake, na mweka hazina wa zamani alitutumia faili yake kutoka Ghuba, tukailinganisha mstari kwa mstari. Bibi muuza mahamri alimaliza deni lake. Kamati ilimwomba awe mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku, akakubali. Simu yake ni ya kitochi, haifungui intaneti hata kidogo. Lakini bahasha ya neno la siri haitoki bila yeye.